Gavana Tuliyempigia Kampeni Jikoni

Nilifika Riyadh nikiwa na miaka ishirini na sita, katika nyumba moja ya mtaa wa Sulimaniyah, ghorofa ya tatu, juu ya maduka ya vitambaa. Bosi alikuwa na duka la miwani barabara ya pili, na madam alikuwa mwalimu. Mimi nilipewa usafi na watoto wanne. Jikoni nilimkuta mwanamke wa Kifilipino ambaye alikuwa amepika katika nyumba ile kwa miaka tisa. Siku ya kwanza alinitazama mikono, akaniuliza kama nimekula, kisha akasema, "Mimi niite Ate. Kwetu maana yake ni dada mkubwa."

Tulizungumza Kiingereza cha kuokoteza kilichochanganywa na Kiarabu cha jikoni. Mafi sukari, yaani hakuna; halas vitunguu, vimekwisha; yalla chai ya bosi, haraka. Kwa maneno hayo machache tulielewana kuliko nilivyoelewana na watu wengi niliozaliwa nao.

Juu ya friji, nyuma ya kopo la iliki, Ate alikuwa ameegemeza picha ya mwanamke mfupi, amevaa gambuti, amesimama kwenye tope hadi karibu na magoti huku akicheka. Nilidhani ni dada yake.

"Huyu ni gavana wetu," alisema.

Nikaitikia kwa heshima. Baada ya kukaanga kitunguu kizima akaongeza, "Bado, lakini. Atakuwa."

Ndivyo nilivyoanza kumjua. Alikuwa mkunga wa kisiwa cha kina Ate, kisiwa kidogo katika mkoa wenye visiwa vingi. Ndiye aliyemzalisha Ate mtoto wake wa kwanza, ambaye alikuja ametanguliza miguu. Wanawake wa kisiwa walimsukuma agombee uenyekiti wa kijiji kwa sababu walichoka kuona dawa zinaishia mjini. Akashinda. Baadaye akawa meya wa mji wao mdogo kwa vipindi viwili. Halafu akathubutu kugombea ugavana, dhidi ya familia moja iliyokuwa imekalia kiti kile babu, baba na mwana, hata watoto wa shule wakadhani jina la ukoo ule ndilo neno lenye maana ya gavana. Akashindwa vibaya. Mwaka nilioingia Riyadh alikuwa anajaribu tena.

Mimi sikuwa na hamu na siasa. Kwetu magharibi mwa Kenya nilikuwa nimeona fulana zikigawiwa, unga ukigawiwa, na baada ya uchaguzi namba ya simu ya mheshimiwa haipatikani. Nikamwambia Ate, "Wanasiasa wote ni wale wale."

Hakubishana nami. Alisema tu, "Wengine labda. Huyu nimemshika mkono nikiwa kwenye uchungu."

Miezi ya kampeni jiko letu likawa ofisi. Kila siku saa nne asubuhi, watoto wakiwa shuleni na madam kazini, kwao ilikuwa saa tisa alasiri, wakati watu wako nyumbani wanapumzika. Ate alipachika kipaza cha simu sikioni chini ya kitambaa, akawa anakanda unga huku akipiga simu. Aliwapigia binamu, wake wa binamu, mwalimu wake wa zamani, hata mwanamume aliyewahi kumchumbia akamkataa. Sikuelewa lugha, lakini sauti niliielewa. Kuna sauti ya kubembeleza, kuna ya kukumbusha, na kuna ile ya mwanamke anayesema usinifanye nisafiri mpaka huko.

Siku moja madam alimruhusu kwenda ubalozini kupiga kura. Alirudi na doa la wino kidoleni, ametulia kama mtu aliyetoka ibadani.

"Sasa umempa kura yako," nikamwambia.

"Hapana. Sisi tulio nje tunachagua rais na maseneta. Gavana wa mkoa hayumo kwenye karatasi yetu."

Niliacha kukunja nguo. "Kwa hivyo simu zote hizi, na wewe mwenyewe huna kura?"

"Sina. Ndiyo maana napiga simu. Wenye kura ni wao."

Aliyemshinda Ate kumshawishi alikuwa kaka yake anayemfuata kuzaliwa. Huyo alikuwa dereva wa ile familia ya magavana, na alikuwa na watu kumi na zaidi ndani ya nyumba yake waliomsikiliza yeye. Kila Ate akipiga, mazungumzo yaliishia kwa kelele. Asubuhi moja, katikati ya ugomvi, alichomoa kipaza sikioni, akaniwekea simu mkononi.

"Zungumza naye wewe. Anajua Kiingereza. Mimi hanisikii."

"Nimwambie nini?"

"Chochote."

Nikaisikia pumzi ya mtu nisiyemjua, upande wa pili wa dunia. Nilimsalimu, nikamwambia mimi ni Mkenya, nafanya kazi na dada yake. Basi nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia hata Ate. Nilimwambia dada yangu alifariki akijifungua, akiwa juu ya bodaboda, akipelekwa mjini, kwa sababu zahanati ya kwetu ilikuwa na jengo na kitanda na kufuli, lakini haikuwa na muuguzi. Nilimwambia mtoto yuko hai, anaishi na mama yangu.

"Siasa zenu mimi sizijui," nikasema. "Ila nasikia mmoja wa hao wagombea ni mkunga. Sisi tungekuwa na mkunga, dada yangu angekuwepo."

Kisha akasema, kwa upole, "Pole sana, sister." Akakata.

Ate alikuwa ameshika mwiko bila kuutia chunguni. Alinipa kiti, akanimiminia chai, na siku ile alifanya yeye kazi yangu ya kudeki sebule. Tangu siku hiyo nilikuwa mtu wa kampeni.

Siku ya uchaguzi wao ilikuwa Jumatatu. Matokeo yalianza kuingia saa za kahawa ya alasiri. Ate alikuwa na simu kwenye rafu ya vikombe, na kila aliponyoosha mkono kuchukua kikombe alichungulia. Visiwa vya mbali vilikuja na kura za mkunga. Mji mkuu wa mkoa ukaja na kura za ile familia. Wakapishana, wakakaribiana. Mara nikasikia kikombe kimeanguka. Ate alikuwa amekaa sakafuni, ameficha uso kwa aproni, mabega yanatikisika.

Madam akaingia mbio. "Nani amekufa?"

"Hakuna, madam," nikasema. "Gavana wake ameshinda."

Madam alitutazama mmoja mmoja. "Ni ndugu yake?"

Ate akafunua uso. "Ni mkunga wangu, madam."

Madam hakutuuliza habari ya kikombe. Aliinama akaokota vipande mwenyewe, akasema, "Basi mabruk, hongera. Leo tukae, mnieleze." Akavuta kiti cha jikoni, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya, na Ate akamweleza yote, kuanzia mtoto aliyetanguliza miguu.

Kuhusu kaka yake, hatukujua alimpigia nani kura, na Ate hakumuuliza. Tulichojua ni kwamba wiki mbili baadaye aliacha ile kazi ya udereva, akaanza kuendesha boti ya abiria.

Nilidhani ushindi ndio mwisho wa hadithi, kumbe kiti ndicho kilikuwa mwanzo wa taabu. Baraza la mkoa lilijaa watu wa ile familia. Kila alipopeleka bajeti ya zahanati za visiwani, iliahirishwa. Mwaka wa pili alishtakiwa kuhusu ununuzi wa boti ya wagonjwa, akasimamishwa kazi kwa miezi kadhaa uchunguzi ukiendelea, na naibu wake, ambaye alikuwa wa upande wa pili, akakaa kitini.

Ate alinyong'onyea. Chumvi ilizidi kwenye mchuzi siku tatu mfululizo, na bosi, mtu mpole, alikula bila neno.

"Labda kweli ameiba," nilimwambia siku moja. Nilisema kwa sababu mimi ndivyo nilivyozoea. Kwetu wote wameiba.

"Labda," Ate akajibu, na jibu lile lilimuuma kulitoa. "Tusubiri."

Wakati tunasubiri, binti yake alimtumia picha. Gavana aliyesimamishwa alikuwa amerudi kisiwani, amevaa glavu, yuko ndani ya ile zahanati yake ya zamani akimpima mjamzito. Alifanya hivyo miezi yote ile, bila mshahara wa ugavana na bila hotuba. Uchunguzi ulipokwisha, karatasi za boti zikaonekana ni safi, na boti yenyewe ilikuwa inafanya kazi. Akarudi ofisini. Uchaguzi uliofuata hakuhitaji simu nyingi. Ate alizipiga hata hivyo.

Mkataba wangu ulipokwisha sikutaka kurudi nyumbani bado. Madam alinitafutia kafili mpya, yaani mdhamini wa kazi, dada yake aliyekuwa Jeddah; ikama, kibali changu cha kuishi, ikahamishwa, nikahama nami. Nililia kuachana na Ate. Lakini Jeddah ilinipokea vizuri. Siku zangu za mapumziko nilikuwa nikienda mtaa wa Ghulail, kwa bibi mmoja ambaye wazee wake walitoka Zanzibar mwaka sitini na nne. Yeye alikuwa ameozesha watoto na wajukuu palepale, na Kiswahili chake kilikuwa laini hadi nikaona haya kufungua mdomo wangu wa Kikenya. "Karibu mwanangu, ingia ndani, usisimame mlangoni kama mdai," alikuwa akisema, na kunipa chapati za maji.

Mwaka wa pili wa kukaa Jeddah, Ate alinipigia simu akitweta. Gavana alikuwa anakuja Jeddah kuonana na watu wa mkoa wake wanaofanya kazi huku. Na madam wa Riyadh alikuwa anakuja likizo kwa dada yake wiki ileile, na Ate angekuja naye.

"Umepangaje hayo?" nikamuuliza.

"Nimemwambia madam ukweli. Akasema tarehe ya likizo ni rahisi kusogeza."

Ukumbi ulikuwa wa kukodi, viti vya plastiki, wanawake wengi na wanaume wachache wa bandarini. Nilimletea Ate mkoba wa mandazi ya bibi wa Ghulail, ambaye aliposikia tunakwenda kuonana na gavana alisema mgeni wa serikali haendewi mikono mitupu. Nilitegemea msafara. Aliingia mwanamke mfupi mwenye miwani na daftari, akaomba radhi kwa kuchelewa, akaketi kwenye kiti kama chetu. Hakuhutubia. Alisema, "Anzeni," akaandika. Mmoja alilalamikia vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mwingine alitaka mwili wa mumewe ufike nyumbani haraka, na hapo gavana aliweka kalamu chini, akaondoka kitini, akakaa karibu naye hadi akamaliza kulia.

Ilipofika zamu ya Ate alisimama. Gavana alimtazama juu ya miwani. Akasema kitu kwa lugha yao, na ukumbi mzima ukacheka. Ate alinitafsiria baadaye: "Wewe si wa yule mtoto aliyetanguliza miguu? Anavaa viatu namba ngapi sasa?"

Kisha akaniona mimi. "Na huyu?"

"Mkenya," Ate akasema. "Alikupigia kampeni."

"Kampeni? Kwa nani?"

"Kwa kaka yake," nikasema, na nikaona aibu.

Tulikula mandazi tukiwa tumesimama. Nilikuwa na swali ambalo nilikuwa nimelibeba tangu Riyadh, nikamuuliza. Ule mwaka wa kwanza aliposhindwa, kesho yake alifanya nini?

Alifikiri. "Nililala mpaka saa nne. Halafu kulikuwa na mama mwenye pacha, ikabidi niamke." Akafuta mikono. "Kwenu mkunga ni nani?"

"Hakuna. Jengo lipo."

"Mmemwomba nani?"

Miaka yote ile nilijua kumlilia dada yangu, na nilijua kulalamika, ila sikuwa nimemwomba mtu yeyote.

Wiki ile nilianza kupiga simu. Nilimpigia shemeji, mume wa marehemu dada yangu, nikampigia katekista, nikawapigia wanawake niliosoma nao. Nilipokwenda nyumbani likizo, tulikwenda kikao cha kutoa maoni ya bajeti ya kaunti, wanawake tuliojaza lori la mahindi. Afisa alituambia muda umekwisha. Nikasimama nikasema jina la dada yangu kwa sauti, na mwaka aliofariki, na umbali kutoka zahanati hadi pale alipokata roho. Wengine wakasimama na majina ya marehemu wao. Hakutukatiza tena.

Muuguzi alikuja baada ya miezi minane na barua nyingi. Ni kijana mkimya, mwanamume, jambo ambalo wazee walilisemea sana mpaka alipomzalisha mke wa chifu.

Yule gavana sasa yuko kipindi chake cha tatu, cha mwisho kisheria. Amekataa kumweka binti yake kwenye kiti. Amesema akimaliza anarudi kisiwani. Mjukuu wa ile familia ameshaanza kugawa fulana. Ate, ambaye bado anapika Sulimaniyah, ameshaanza kukanda unga na kipaza sikioni.

Mimi bado niko Jeddah. Nyumbani wamenitia kwenye kamati ya zahanati, na vikao nahudhuria kwa simu, Alhamisi, nikiwa chumba cha kufulia. Juzi madam wa hapa aliita, "Yalla, nguo za watoto."

"Dakika kumi, madam. Niko kikaoni."

Akachungulia mlangoni, akacheka, akaenda zake.

Kwenye simu katibu wetu, mama mmoja asiyependa kuzungukazunguka, akaniuliza mbele ya wote kama nikirudi nitagombea udiwani wa wadi.

"Sijakataa," nikasema. "Lakini tumalize kwanza hili la tangi la maji la zahanati."