Giza la Mwisho

"Bibi, skrini kuwa nyeusi mwishoni mwa filamu ni fumbo! Maana yake yule mama amekufa moyo."

"Fumbo wapi! Simu ilikuzimikia, nimekuona ukihangaika na chaja."

Mpangaji wangu hutangaza filamu mtandaoni. Kidole gumba chake kimeota sugu kama kisigino cha punda, na hawezi kulia mpaka apate upande wenye mwanga. Mwongozaji amemwahidi kazi ya filamu ijayo akiielewa hii, naye keshawaeleza wafuasi wake maana ya giza lile.

"Lifute tangazo hilo kabla mwongozaji hajaliona, mjukuu wangu."

"Nifute? Watu wanalia huko, Bibi! Wewe sanaa utaijulia wa—"

Mwongozaji akaingia bila hodi, simu mkononi. "Giza gani hilo? Filamu yangu inaishia harusini."