Balbu Moja na Penseli ya Mwisho

Kra. Kisha kimya. Kisha kra tena, taratibu, kama panya anayeogopa kusikika.

Ni saa kumi na moja alfajiri, Juni 1988, Nunguni. Ukungu umeshuka hadi mlangoni. Jikoni, Mwalimu Nthenya Kivuva anapasua penseli kwa kisu cha mboga, gizani, ili bintiye Mutindi wa miaka mitano asiamke. Mti unafunguka. Kiini cheusi kinabaki kizima, kimelala kama mtoto ndani ya nguo zake.

"Mbili zimenivunjikia," ananong'ona. "Hii ndiyo ya mwisho."

Leo kamati ya shule inakuja darasani. Shule hii ya harambee, iliyojengwa kwa michango ya wanakijiji, haina maabara wala umeme, na kamati inataka kufuta fizikia kidato cha tatu. Wasichana kumi na tisa wataliacha somo hilo wasome upishi. Nthenya ameomba kipindi kimoja tu, dakika arobaini, wazee wa kamati wajionee.

Yeye mwenyewe, sasa ana miaka 29, alianza kuujua umeme katika masomo ya jioni Machakos, akiwa mjamzito. "Tumbo lilikuwa linafika mezani kabla ya daftari," anacheka. "Nilikuwa nikilala naota nyaya, na maji yakipita ndani yake."

Ndivyo anavyofundisha hadi leo, kwa mfano wa maji. Wasichana wake wanajua kungojea mtungi ujae.

"Bomba likiwa jembamba, maji hupita kwa taabu," huwaambia. "Ile taabu ndiyo ukinzani. Yanayopita, huo ndio mkondo. Na bomba likiwa refu zaidi?"

"Taabu inaongezeka, Mwalimu!"

Saa tatu, wazee watatu wamebanana kwenye dawati la nyuma. Mezani kuna betri nne, mawe ya tochi, na nyaya za shaba, balbu na ile penseli. Nthenya anaunganisha.

Balbu haiwaki.

Anakaza nyaya. Wapi.

"Mwalimu, hayo mawe ungeyaanika juani kwanza," anasema mwenyekiti, Mzee Muthama, aliyevaa koti lake la kanisani. "Hata redio yangu huamka hivyo."

Wenzake wanacheka. Syokau, msichana wa dawati la mbele, hacheki. Ameinama.

"Syokau, kuna nini?"

"Mwalimu, jana ulinipa nyaya nizitunze. Nikaona wageni wanakuja... nikazipaka mafuta. Zing'ae."

Nthenya anaitazama miguu ya msichana huyo, inavyometameta. Huku mtoto hatoki kwenda mbele za watu bila kupakwa mafuta. Syokau amezifanyia nyaya yale ambayo mama yake humfanyia yeye.

"Asante, mama," anamwambia polepole. "Wewe ndiye umetuletea ukinzani wa leo. Mafuta hayapitishi mkondo. Kimbia jikoni ulete jivu."

Syokau anasugua ncha za nyaya kwa jivu hadi vidole vyake vinageuka kuwa vyeupe. Nthenya anaunganisha tena, waya mmoja ukigusa kiini cha penseli. Balbu inawaka, nyekundu kidogo, kama kaa la moto chini ya jivu.

"Mzee, njoo ushike."

Muthama anausogeza waya juu ya kiini. Njia ikirefuka, mwanga unafifia. Ikifupika, unarudi.

"Aii! Inanitii!"

Anaupeleka mbele na nyuma mpaka kengele inalia, wenzake wakimvuta koti wapate zamu.

"Fizikia ibaki," anasema nje, akijipangusa mikono. "Tungoje mtihani wa mwaka ujao. Lakini mafuta ya Syokau yakae nyumbani."

Alasiri Nthenya anaketi barazani, vifaa vyake vikiwa mkekani. Anataka kila wasichana wawili wawe na balbu yao. Na siku nguzo za umeme zitakapopanda kilima hiki, anamwona akilini Syokau juu ya ngazi, akiunganisha nyaya za darasa lilelile.

Mkekani, Mutindi amegusisha waya kwenye penseli. Anainua uso.

"Mama, nimeiwasha mimi."