Chango la Stesheni

Juzi, stesheni ya Kaliua, mke na mume waliketi benchi moja wamenuniana. Mtoto alilia mapajani mwa baba, naye akawa anamrusharusha kama anapepeta mahindi, macho yake relini.

“Chango hilo,” nikatangaza kando yao, mimi muuza dawa za tumbo. “Mizizi yake ninayo.”

Mke akamgusa mumewe bega, akampa karanga za kuchemsha. “Kula, baba watoto. Ya asubuhi yameisha.”

“Kweli yameisha?”

“Kula, bwana!”

Mume akacheka. Ndipo alipomtazama mwanawe usoni. “Masikini, kumbe jua linampiga machoni.” Akamkinga kwa kofia yake, mtoto akanyamaza.

Mizizi yangu nikairudisha kikapuni. Baba aliyenuniwa haoni hata jua. Atibiwe yeye kwanza, na karanga zinatosha.