Maji Yalikokuwa Yakienda

Seremala alifungua boneti, akachungulia kichupa cha maji ya rejeta. Kitupu. Akalipiga teke gurudumu, mguu ukamuuma, hasira zikazidi.

"Jana nimekijaza!" alimfokea fundi wa magari, yule waliyemwita Spana. "Chini pakavu. Maji yamepaa mbinguni?"

Spana alishabadilisha mfuniko wa rejeta, kisha mipira ya kupitishia maji, kisha pampu. Kila mara alijifuta mikono akisema, "Mzee, tumemaliza." Kila mara gari lilirudi na kiu yake.

"Basi injini ndiyo inayoyanywa," alisema sasa. "Tuifungue."

"Mbona moshi si mweupe, kama wa injini inayokunywa maji?"

"Utakuwa tu."

"Ukiifungua hii hutaifunga. Nakujua."

"Baba, liuze," binti yake alisema kutoka kiti cha nyuma. "Litakuua kwa presha."

"Siuzi."

Kiti cha mbele, pembeni ya dereva, kilikuwa cha mkewe. Tangu amzike hakuna aliyekikalia. Mtandio wake ulikuwa bado pale. Wajukuu, wageni, wote nyuma, hata wakibanana. Spana naye, kila walipolijaribu gari, alijikunja huko huko.

"Twende tena barabarani," Spana alisema. "Ila leo nakaa mbele. Huko nyuma nitasikia nini, zaidi ya binti yako kukohoa?"

"Nakohoa harufu ya hiyo ovaroli yako," binti alijibu.

"Hapo mbele hapakaliwi," alisema seremala.

"Basi tafuta fundi wa mizimu, Mzee. Mimi nimechoka."

Seremala aliingia, akaketi nyuma ya usukani. Kisha akauchukua mtandio, akaukunja, akauweka mapajani.

"Kaa. Na usiegemee."

Spana aliingia, papo hapo akanyanyua miguu. "Mzee! Humu mna bwawa!" Akachovya kidole kwenye zulia, akanusa. "Maji ya rejeta haya. Hita ya kupasha joto humu ndani imetoboka, hapa nyuma ya dashibodi. Ndiyo maana kioo kinaingia ukungu. Injini haina kosa. Muda wote huu hamkuona?"

"Nani angeona?" binti alisema taratibu.

Seremala alilikodolea macho lile zulia. Mama watoto angeona siku ya kwanza. Angelalamika mpaka mtaa wa pili wasikie.

Spana alichomoa mipira ya hita akaiunganisha yenyewe kwa yenyewe, maji yasipite tena huko. Walipojaribu, maji ya kichupa hayakupungua.

Wakati wa kuondoka, binti alishika mlango wa nyuma.

"Unakwenda wapi?" baba yake alimfokea.

"Nyuma."

"Kaa mbele. Na ukilowa miguu, sema mapema."