Mguu wa Recho Uliochelewa

Recho alirudi kwenye kikundi chake cha ngoma mwanawe akiwa na miezi minne. Alimfunga mgongoni kwa kitenge, akashika njia ya kwenda nyuma ya ghala la mahindi, pale Tunduma, wanapofanyia mazoezi. Kila alipokanyaga kwa mguu wa kushoto alibana midomo kidogo. Hakuna aliyeona. Watu wakikutana na mama mwenye mtoto mchanga, macho yao huenda kwa mtoto.

Miaka sita yeye ndiye aliyecheza mbele. Aliingia akiwa binti wa miaka kumi na mitatu, akawekwa mstari wa nyuma kabisa, huko unakokula vumbi la wenzako. Akasogea katikati. Kisha siku moja dada aliyekuwa akiongoza, akiwa anaolewa kwenda Nakonde, alipiga magoti akamfunga Recho njuga miguuni. Kikundini mwao ndivyo ilivyo. Njuga huvaa mmoja tu, wengine huifuata sauti yake. Hakuna anayemvua. Huzivua mwenyewe, akamfunga mwingine kwa mikono yake, na zikishatoka hazirudi.

"Karibu, mama Tuntufye," alisema mzee Fanueli, mpiga ngoma na kiongozi wao. "Tulidhani umeshakuwa bibi."

"Mzee, mimi nimezaa tu. Ngoma yako ndiyo naisikia inapiga miayo."

Wasichana wakacheka. Fanueli naye akacheka, halafu akaweka uso wa kazi. Baada ya wiki tatu, alisema, kikundi kingecheza Vwawa ngoma yao ya mavuno, na wageni wa kampuni moja ya wacheza ngoma ya Dar es Salaam wangekuja kuchagua mchezaji mmoja. Angekaa nao miaka miwili, akifundishwa na kucheza majukwaani.

"Jina lako nimeshalipeleka," akamwambia Recho.

Recho aliitikia kwa kichwa tu. Jambo hilo alikuwa amelingoja tangu mstari wa nyuma.

Mguu aliuumiza kule Ndalambo walikokwenda kucheza, mimba ikiwa changa na hajamwambia mtu. Walicheza juu ya sakafu ya saruji yenye maji, kifundo kikapinda. Aliogopa kuambiwa apumzike, akakifunga kitambaa, akajifunza kuuweka mguu wa kushoto taratibu, pigo la ngoma likishapita. Watazamaji walipenda. Walisema siku hizi anacheza kwa madaha. Akaendelea hivyo miezi mitatu, mpaka tumbo lilipomrudisha nyumbani.

Wiki ya pili ya mazoezi mtoto alilia. Recho akaketi juu ya gunia kumnyonyesha, akawaambia wasichana wacheze peke yao. Hapo ndipo alipowaona. Walikuwa kumi na wanne, na miguu yote kumi na minne ya kushoto ilichelewa. Hata Irene, yule mdogo wa nyuma aliyeingia wakati Recho yuko uzazini, aliyejifunza kwa wenzake tu. Na kila mmoja, kabla ya kukanyaga, alikunja uso kidogo.

Walipopumzika, Nesta akaja kuchuchumaa karibu naye. Ndiye aliyemfuata Recho kwa uchezaji, binti wa miaka kumi na saba.

"Dada, hapa pa kushoto mimi huhesabu moja kimoyomoyo. Na wewe unahesabu?"

"Nani amekufundisha kuhesabu?"

"Nilikutazama. Unakunja uso kwanza, halafu mguu unashuka. Nikajua dada anahesabu."

Recho akamhamishia mtoto titi la pili.

Nyumbani alimwogesha Tuntufye, akashika vile vinyayo visivyojua ardhi bado, na roho ikamuuma. Akisema, mguu utajulikana na jina lake litaondolewa. Akinyamaza, ataenda Vwawa, pengine hata Dar, na watoto hawa watabaki na maumivu yake wakidhani ndiyo ngoma. Irene atawafundisha wengine. Mtoto hunyonya kile alichonacho mama, hata kama ni kichungu.

Kesho yake alisema mbele ya wote.

"Huko kuchelewa si mchezo wetu. Ni mguu wangu unauma."

Mkono wa Fanueli ukabaki juu ya ngozi ya ngoma. "Tangu lini?"

"Tangu Ndalambo."

"Na mimi mpiga ngoma nisisikie."

"Ulisikia, mzee. Ulipunguza mkono ukanisubiri."

Mzee akainamisha kichwa. Upande wa barabara, malori ya foleni ya mpakani yalikuwa yakinguruma.

Kwa mguu asingeweza kuwaonyesha. Basi Recho akazivua njuga, akajifunga kwenye vifundo vya mikono, akapiga magoti, akaicheza ngoma chini kwa mikono: kulia, kushoto, kulia, kushoto, bila kungoja. Wasichana wakafuata. Irene alishika siku ileile. Nesta ilimchukua siku nne. Mguu ulikubali mapema, uso ndio ulikataa.

Siku ya nne Recho alimfuata Nesta akiwa angali amepiga magoti, akamfunga njuga miguuni. Nesta akavuta mguu.

"Dada, ngoja wageni wapite kwanza. Utapona."

"Tulia. Sifungi mguu unaohangaika."

Kule Vwawa Recho aliketi pembeni ya Fanueli, mtoto mapajani. Ngoma ilipofika pale pa kushoto, aliona uso wa Nesta ukikunjamana. Mguu ukashuka pamoja na ngoma. Kumi na watatu nyuma yake wakashuka nao. Chini ya kitenge, mguu wa Recho ulishuka pia, ukachelewa, peke yake.

Wageni waliondoka na jina la Nesta. Mmoja alimuuliza Fanueli wasichana wanafundishwa na nani, naye akaonyesha kwa kidevu. Mgeni akamtazama Recho, akamtazama mtoto, akatabasamu kwa mtoto.

Kabla ya kusafiri Nesta alimfunga Irene njuga. Zilikuwa kubwa, ikabidi zizungushwe mara mbili. Irene aliposimama kuanza, Recho, juu ya gunia lake, alimtazama kwanza usoni, kisha ndipo akamtazama mguu.