Rulma za Mama Kiki

Katika mtaa wa Kampemba, mtu akifa machozi hutangulia, na nyuma ya machozi hufuata macho, yakizunguka ua kutazama marehemu ameacha nini. Pierre Lombe, seremala, hakuacha gari wala nyumba ya ghorofa. Aliacha mke, Léa, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Kiki kwa jina la binti yao aliyeolewa mbali. Aliacha mama yake mzazi, Kaku Brigitte, mwenye chumba chake upande wa pili wa ua. Na chini ya mabati nyuma ya nyumba aliacha msumeno wa umeme, ule ambao maseremala wa Lubumbashi huuita ruban: utepe mrefu wa chuma wenye meno, unaozungushwa na magurudumu mawili, moja juu na jingine chini ya meza.

Macho ya Jean-Claude, mdogo wake Pierre, yalizunguka ua mzima na kutua hapo kwenye ruban.

Kwa desturi ya ukoo wao, mali ya marehemu haigawanywi mpaka siku ya kutoa deuil, siku mjane anapovua nguo nyeusi na familia mbili zinakaa uso kwa uso. Siku hiyo kila kitu hutajwa, na ndugu wa marehemu husema hiki tunachukua, hiki tunaacha. Kilichoachwa hupakwa pemba, ule udongo mweupe, na kikishapakwa hakirudi kwa ndugu hata wakigaagaa chini. Serikali nayo ina sheria yake juu ya wajane, tena nzuri. Lakini sheria iko mbali kwenye kabati la ofisi, na shemeji yuko mlangoni.

Mama Kiki alijua vizuri kinachomngoja. Tangu Pierre alipoanza kuugua, yeye ndiye aliyesukuma mbao kwenye ule msumeno, na viti vyake ndivyo vilivyolisha nyumba. Ruban ikiondoka, ingembidi arudi kwao Mitwaba akalime shamba la kaka yake, na yeye na jembe hawakuwahi kupatana. Aliogopa, na usingizi ukampungukia.

Jean-Claude alipokuja mara ya kwanza hakuzunguka mbuyu. “Mama Kiki, washa kidogo nione,” akasema.

Mama Kiki akawasha kwa moyo mweupe kabisa. Sasa, utepe wa ruban ukipita kwenye ubao unataka kushikwa pande mbili na kuegemezwa mgongo, juu ya meza na chini yake. Vile vipande vya chuma vilivyofanya kazi hiyo vilikuwa vimelika zamani, na Pierre, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kesho. Utepe ulitangatanga, ubao ukakatika upogo, na chuma kikisugua chuma kikatoa ukelele uliowafanya kuku wa jirani waruke ukuta. Jean-Claude alirudi nyuma kama aliyesikia mzimu, akafanya ishara ya msalaba.

“Iko inalia mwenye yake,” akanong'ona. “Pierre njo huyu.”

Mama Kiki alifungua mdomo amweleze habari za vyuma vilivyolika. Halafu akaufunga. Kunyamaza si kusema uongo, alijiambia, na mpaka leo hajakwenda kuliungama hilo kwa padri.

Kesho yake alikwenda sokoni kwa wauza vipuri vya pikipiki, akachagua rulma sita, zile pete za chuma zenye gololi ndani zinazofanya gurudumu lizunguke laini. Kila moja aliitia kidoleni, akaizungusha karibu na sikio, na zilizokwaruza akazirudisha huku muuzaji akimtazama kwa mashaka. Guelord, mchomeleaji wa mtaa, alimtengenezea vishikio. Rulma tatu zikakaa juu ya meza na tatu chini, kila mahali mbili za kuubana utepe kushoto na kulia, moja ya kuuegemeza mgongo. Kati ya rulma na utepe alipenyeza kipande cha karatasi ya gazeti, akakaza boliti, akakichomoa. Nafasi iliyobaki ndiyo inayotakiwa. Ile ya mgongo aliiacha isiguse mpaka ubao wenyewe usukume. Na meno aliyaacha nje, maana meno yakigusa rulma yanakufa siku hiyo hiyo.

Alipowasha, alidhani umeme umekatika. Utepe ulizunguka kimya, umenyooka, na ubao mgumu wa mukula ukapasuka kwa mstari ulioanza na kumalizikia pale pale alipouchora. Mama Kiki alicheka peke yake, akajishika mdomo, akacheka tena. Alifurahi kama hajawahi kufurahi tangu kilio.

Furaha hiyo ikaleta balaa lake. Ruban mbovu ilikuwa yake. Ruban nzuri ingekuwa ya Jean-Claude. Ndipo shetani mdogo, mmoja wa wale wasio na madhara makubwa, akamkalia begani. Vile vyuma vya zamani hakuvitupa. Kila Jean-Claude alipotuma habari kwamba anakuja, Mama Kiki alifungua boliti, akarudisha vyuma vilivyolika, akazifunga rulma kwenye kitambaa cha mafuta na kuzizika jikoni chini ya ndagala. Hakuna shemeji wa kiume anayetia mkono kwenye samaki wakavu.

“Bado iko inalia?” Jean-Claude angeuliza, akiwa amesimama mbali.

“Sikia weye mwenye,” angejibu kwa upole, na kuwasha.

Siku moja Jean-Claude akaja bila kutuma habari. Ruban ilikuwa inakata miguu ya viti, kimya na tamu, mlango wa ua ulipogongwa na sauti yake ikasikika. Mama Kiki akaizima. Kabla hajashika hata ufunguo wa boliti, akamsikia Kaku Brigitte akipiga yowe pale mlangoni.

“Goti yangu! Jean-Claude, mutoto yangu, nishike! Nipeleke ku pharmacie, nakufa!”

Walitoka, mama akining'inia mkono wa mwanawe na kulia barabara nzima. Mama Kiki alifungua na kufunga boliti haraka haraka, akimshukuru Mungu kwa magonjwa ya wazee. Jean-Claude aliporudi jasho likimtiririka, ruban ilimpokea kwa ukelele wake wa siku zote.

Siku ya kutoa deuil ikafika. Ua ulijaa viti, munkoyo ikazunguka kwenye vikombe, na Kaku Brigitte akakaa katikati, maana ndiye mkubwa. Baiskeli ya Pierre ilitajwa, ikachukuliwa. Suti yake ikachukuliwa. Redio ikachukuliwa pia, ingawa haikuwa na sauti. Ikabaki ruban.

Jean-Claude alisimama. “Iwashwe tena, bantu bote basikie.”

Mama Kiki akawasha. Ukelele ukajaa ua. Shangazi wawili walijiziba masikio, na wa tatu akamwaga munkoyo yake.

“Ile kintu, siye tunakatala,” Jean-Claude akatangaza. “Mama Kiki abaki nayo, na kilio yake mu ndani.”

“Sema nguvu,” Kaku akasema. “Masikio yangu imezeeka.”

“Tunakatala, Mama!”

“Bale ba kule nyuma basikie na bo.”

“TUNAKATALA!”

Kaku alichovya vidole kwenye pemba, akapaka meza ya ruban, kisha akampaka Mama Kiki mikono yote miwili, taratibu, bila haraka yoyote. Mama Kiki alitazama chini, usoni amevaa huzuni inayofaa, na moyoni anapiga vigelegele. Kaku alipomaliza akajifuta vidole kwenye kitenge chake.

“Basi. Mama Kiki, enda ku cuisine, utoshe zile rulma mu ndagala. Kitanda yangu ilivunjika muguu. Nataka ubao leo leo.”

Mama Kiki alisimama kama aliyepigiliwa misumari. Jean-Claude alimtazama mama yake, akaitazama ruban, akamtazama shemeji yake, na polepole mambo yakaanza kumwingia.

“Mama,” akasema, “ulikuwa unajua?”

“Chumba yangu iko pale, na ndagala ni miye nakula. Nasikia masini ikikuwa peke yake na Mama Kiki, iko inaimba. Ikikuona weye, iko inalia. Nikajiuliza, weye una nini?”

Watu walianza kucheka, shangazi yule wa munkoyo kuliko wote. Kaku hakucheka.

“Mi njo niliwazaa bote mbili. Pierre alienda. Weye, tangu kilio, ulikuwa unakuya kila mara. Unafika, unaenda mbio kuangaria masini. Siku gani ulikuyaka kuangaria miye?”

Kaku akamnyoshea kidole Mama Kiki.

“Huyu akirudia Mitwaba, nani atanipikia bukari? Nani atanisikia nikikohoa? Masini?”

Kicheko kilikatika. Mama Kiki, ambaye kwa muda wote ule alidhani anapigana peke yake, aliona macho yakimjaa machozi, akakimbilia jikoni kabla hayajamwagika hadharani. Alirudi ananuka ndagala, akafungua boliti, akafunga rulma, akapenyeza karatasi yake. Watu wote wakasogea kuona. Utepe ukaingia kwenye ubao kimya kimya, na wakwe zake wakaanza kubishana nani atakayemwagiza mlango kwanza.

Jean-Claude hakuwa miongoni mwao. Alikuwa amebeba kiti chake, amekiweka karibu na mama yake, na anamwuliza kama amekula. Kaku akamjibu bado, akamwambia akae, watakula pamoja.