Siku Tangi Lilipokataa Kupoza

Radi ilipiga kituo chetu cha kukusanya maziwa, nje kidogo ya Eldoret, ikachoma kompyuta iliyoendesha tangi la kupozea. Mimi ndiye niliyekuwa fundi wa kompyuta pale. Meneja alinunua nyingine mjini, nami nikahamishia humo ile programu ya zamani ya tangi na kadi ya kupima joto. Kampuni iliyoiandika ilishafungwa kitambo. Asubuhi wakulima walileta maziwa kama kawaida, tukayamimina. Kompyuta ikawaka, ikasoma joto mara moja, ikaganda. Mota ya kupozea haikuzunguka.

Sikuchelewa kuona shida. Kwa kawaida programu haigusi memori halisi. Kerneli, ule moyo wa mfumo, huipa anwani za kubuni, kisha hutunza jedwali la kuonyesha kila anwani inaangukia wapi kwenye chipu ya memori. Lakini kadi yetu ya kupima joto haikujua jedwali lolote. Ilitengewa mahali pamoja tu kwenye chipu, ikawa inaandika hapo hapo. Katika kompyuta ya zamani mahali hapo palikuwa wazi. Katika mpya palikuwa na mwenyewe. Kila kadi ilipoandika joto, iliharibu vitu vya wengine, na mashine ikafa.

Nilijaribu kuiagiza kerneli ipaache wazi. Haikuwezekana, bodi kuu ya kompyuta yenyewe ilikuwa imepachukua kabla kerneli haijaamka. Kuifanya kadi iandike kwingine nako sikuweza, maana waliojua siri yake hawakupatikana kwa simu. Fundi wa umeme alitaka kuiunganisha mota moja kwa moja, akakuta radi ilikuwa imeunguza pia swichi za kando za kuiwasha kwa mkono.

Meneja aliita lori la tangi lije kuyachukua maziwa. Dereva alitumbukiza kipimajoto, akatikisa kichwa, akasema maziwa yenye joto hivyo kiwandani hayapokelewi. Akaondoka.

Mama mmoja kutoka upande wa Burnt Forest alikuwa bado ameketi kando ya ukuta. Ng'ombe wake alikuwa amezaa majuzi, na hayo yalikuwa maziwa yake ya kwanza kutuletea. Alinifuata dirishani.

"Umeshajua kinachoisumbua?"

"Nimejua, Mama."

"Basi si uitengeneze?"

Nilimweleza kwamba kujua na kuweza ni vitu viwili. Niliona maneno yangu yakimpita. Hakubisha. Aliuliza tu kama angoje, nami nikairudia mashine, kwa hiyo akaendelea kungoja.

Kufikia mchana harufu ilikuwa imebadilika. Meneja akasema tufungue bomba la chini. Maziwa yakatoka kwa wingi, yakafuata mtaro hadi kwenye nyasi, na wakulima wakasimama wakiyatazama. Mimi nilibaki na kibodi mapajani, nikiiwasha mashine tena, ingawa nilijua itaganda.

Baada ya hapo mtambo mwingine uliagizwa, ukakawia. Wakulima wengi wakaanza kuwauzia majirani maziwa yao. Yule mama sikumwona tena pale kituoni.